Stadi Hutolewa kwa Ustadi

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili. Fundi hodari tunamwita fundi stadi. Na kile kipande cha chuma kisicho na kichwa, chenye nyuzi huku na huku, upande mmoja umezama ndani ya injini na upande wa pili unapokea nati, nacho mafundi wetu wanakiita stadi. Neno la kwanza tumelirithi kwa wazee. La pili limeletwa na magari. Leo nataka tuyakutanishe maneno haya mawili, kwa maana stadi inapokatika ndani ya injini kinachotakiwa ni ustadi, na kinachotumika mara nyingi ni misuli.

Hapa kwetu Songea hilo si jambo dogo. Simama asubuhi pale Mfaranyaki au Bombambili uhesabu pikipiki zinazobeba watu, mahindi, mkaa na wagonjwa. Nyuma ya kila moja ipo nyumba inayosubiri unga wa jioni. Kwenye pikipiki nyingi za namna hiyo, stadi mbili tu, nyembamba kuliko kidole cha mtoto, ndizo zinazoshika bomba la moshi, yaani ekzosi, lisiachane na hedi ya injini. Moja ikikatika, bomba linalegea, moshi wa moto unapenya pembeni, gasketi inaungua, na stadi iliyobaki inabeba mzigo wa wawili mpaka nayo inakwenda. Kijana analaza chombo, na hesabu ya tajiri haijui habari ya stadi.

Tusiwasahau wenye mashine za kusaga. Hadi mwaka 2018, mji wetu ulipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme inayotoka Makambako, taa za Songea ziliwashwa na jenereta za dizeli. Kwa hiyo watu wazima wa hapa hawahitaji kuelezwa maana ya injini kulala. Leo mashine nyingi za mjini zinazungushwa na mota ya umeme, lakini kule nyaya zisikofika bado ni injini ya dizeli inayosaga. Hedi ikishindwa kukazika kwa sababu ya stadi moja, mama anabeba debe lake la mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili.

Stadi yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Kinachoumiza mfuko ni hedi iliyotobolewa pembeni na mtu mwenye haraka. Kazi ya kutoa stadi iliyokatika ni kama kupanda ngazi: unaanza na kidato cha chini, ambacho ni njia ya upole, ndipo unapanda kwenye njia kali. Na kila kidato unachokikosea kinakufungia vidato vingine. Aliyeikatia stadi chini kabisa hawezi tena kuishika kwa plaizi. Aliyetoboa pembeni ya katikati ameipoteza nafasi ya kuokoa nyuzi za tundu. Mtu akilishika hilo, anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwake, chini ya mwembe, bila kuharibu kitu.

Kwanza tuulize, kwa nini stadi hukatika? Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kutu. Hedi za pikipiki ni za alumini, na stadi ni ya chuma. Madini mawili tofauti yakikutana mahali penye maji, yanalana polepole, na unga mweupe wa alumini pamoja na kutu nyekundu vinagandisha stadi ndani ya tundu. Mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili, na tope la barabara za vumbi, hazina huruma kwa stadi ya ekzosi. Ya pili ni joto. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo kila injini inapopanda mlima ikachemka, kisha ikapoa usiku, kuna kuvutana ndani ya tundu. Ya tatu ni mkono wa mtu. Wapo mafundi ambao kipimo chao ni kukaza mpaka nati ilie, kisha kuongeza robo. Stadi iliyokazwa hivyo imekwisha kuvutwa kupita uwezo wake. Haikatiki siku hiyo. Inakatika wiki mbili baadaye, ukiwa na abiria njiani kuelekea Namtumbo.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kushika spana, jua ni ugonjwa gani ulio nao, kwa sababu ni mitatu na dawa zake hazifanani. Ugonjwa wa kwanza: stadi ni nzima, ila nyuzi zake za nje zimelika. Wa pili: stadi imekatika. Wa tatu: stadi ni nzima lakini tundu lake ndani ya injini limepoteza nyuzi, na stadi inazunguka bila kushika. Aghalabu mtu mwenye ugonjwa wa tatu anazidi kukaza, akidhani ana ule wa kwanza.

Dawa ya ugonjwa wa kwanza ni nati mbili. Safisha stadi kwa brashi ya waya. Pitisha nati moja, kisha ya pili juu yake, na uzikaze zibanane kwa spana mbili, moja ikienda huku na nyingine kule. Zikibanana, zinakuwa kama kichwa cha bolti. Ukitaka kuitoa stadi, zungusha nati ya chini, ile iliyo karibu na injini, kwa kufungua. Ukirudisha stadi mpya kwa njia hiyo hiyo, zungusha nati ya juu kwa kukaza.

Ugonjwa wa pili ndio wenye kesi ndefu. Tuseme stadi imekatika lakini imebakiza kijipande nje. Hapo una bahati, usiichezee. Siku ya kwanza usifungue kitu. Safisha kutu, kisha tia mafuta ya kulegeza kutu, ugonge kichwa cha stadi kwa nyundo ndogo, taratibu, mara nyingi. Kugonga huko kunapasua kutu na kuyapa mafuta njia ya kuingia. Rudia jioni, rudia asubuhi. Kama mafuta ya dukani hayapo, mafundi wa nchi nyingi huchanganya nusu kwa nusu oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini ni kama petroli kwa kushika moto, hivyo usiukaribishe na tochi.

Siku ya pili, leta joto. Ondoa kwanza tangi la petroli na ulipeleke mbali. Pasha moto alumini inayoizunguka stadi, si stadi yenyewe, kwa maana tunataka tundu litanuke kuliko kilichomo. Kipimo chake ni tone la maji: likichachatika likakauka, inatosha. Usizidishe. Chuma hukuonya kwa kuwa chekundu kabla ya kuyeyuka, lakini alumini haionyi. Alumini safi huyeyuka kwenye digrii 660 za Sentigredi, na ile iliyochanganywa kwa ajili ya kusubu injini huyeyuka mapema zaidi. Ikiwa bado ya moto, ondoa mwali kabisa, kisha gusisha kipande cha mshumaa penye mpaka wa stadi na tundu. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Hapo bana stadi kwa plaizi ile ya kujifunga yenyewe, na uzungushe kidogo kufungua, kidogo kukaza, kidogo kufungua. Anayefungua kwa upande mmoja tu ndiye anayeikata tena. Ukisikia inalainika kama mpira, yaani inazunguka lakini haitoki, simama. Inajinyonga, na hatua inayofuata ni kukatika.

Ikikataa, mwite mchomeleaji. Anachukua nati kubwa kidogo kuliko stadi, anaivika juu ya kile kijipande, na kuichomelea kwa ndani ishikane na stadi. Chuma cha rodi hakishikani na alumini kirahisi, kwa hiyo mkono ukitulia hedi inasalimika. Faida hapa ni mbili: umepata kichwa cha kushika kwa spana, na joto la kuchomelea limeipasua kutu kutokea ndani. Ngoja ipoe kiasi cha kuweza kuisogelea, kisha jaribu kwa upole. Kumbuka kuchomoa waya wa betri kabla ya kuchomelea, la sivyo utaponya stadi na kuua umeme wa pikipiki.

Na kama stadi imekatika ndani ya tundu, haina hata pa kushika? Hapa ndipo haraka inapotoza faini kubwa. Fungua hedi uiweke mezani. Usijaribu kutoboa huku umechuchumaa kando ya pikipiki. Sawazisha uso wa stadi kwa tupa ndogo, ili biti isiteleze. Tafuta katikati yake na uigonge kwa panchi. Itazame kwa mwanga, na kama imekwenda kando irekebishe kwa kuinamisha panchi. Dakika kumi utakazotumia kwa nukta hiyo moja zina thamani kuliko kazi yote inayofuata, kwa sababu alumini ni laini kuliko stadi, na biti iliyoanza kando itaikimbia stadi na kula ukuta wa tundu. Mwenye busara hupeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza, akachongewa kibushi kinachoingia kwenye tundu la flenji ya ekzosi. Flenji ikishikwa na stadi ile nzima, kibushi kinaiongoza biti katikati penyewe.

Toboa kwa mwendo wa polepole, na oili, ukianza na biti ya milimita 2.5 au 3. Kwa stadi ya milimita 6, endelea na biti ya 4, kisha ya 5, usizidi hapo. Kwa stadi ya milimita 8 yenye nyuzi za kawaida, mwisho ni milimita 6.8. Ukiwa katikati kweli, kinachobaki ni ganda jembamba la nyuzi, ambalo unalichokonoa kwa sindano ya chuma na kumalizia kwa tepu, ukirudi nyuma nusu mzunguko kila baada ya kwenda mbele ili kukata vumbi la chuma. Zipo pia biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto. Ukizipata ni bora zaidi, kwani mara nyingi biti yenyewe inaishika stadi na kuitoa ikiwa bado unatoboa.

Kuna chombo kimoja kinachouzwa madukani, kinafanana na skrubu nene yenye nyuzi za kushoto, nacho kinapigiwa sifa kuwa kinatoa stadi yoyote. Kiogopeni. Kinafaa kwa stadi iliyokatika kwa kugongwa, ambayo haikuganda. Kwa stadi iliyoganda kwa kutu, chombo hicho chembamba hukatikia ndani, na chuma chake ni kigumu mno. Biti yako ya kawaida haitakikwangua. Hapo umefunga mlango na kuvunjia ufunguo ndani ya kitasa.

Ugonjwa wa tatu, wa tundu lililopoteza nyuzi, nao una vishawishi vyake. Wengine huviringisha karatasi ya bati, wengine hutia gundi ya chuma. Penye joto la ekzosi dawa hizo hazilali. Wengine hutanua tundu la milimita 6 na kuweka stadi ya 8, na pale ambapo ukuta wa alumini ni mnene inawezekana. Ulipo mwembamba, utapasuka. Dawa ya kudumu ni koili ya nyuzi: waya mgumu uliosokotwa kama springi, unaotiwa kwenye tundu lililochongwa upya kwa biti na tepu yake maalumu, ukarudisha kipimo kile kile cha mwanzo. Ikikosekana, fundi wa kukereza atakuchongea kibushi chenye nyuzi ndani na nje, kikafanya kazi hiyo hiyo.

Hapa sina budi kuwageukia wenye mashine za kusaga. Injini nyingi za zamani za silinda moja ni za Lister, za kutoka Dursley nchini Uingereza, au nakala zake zilizotengenezwa Rajkot nchini India. Injini hizo za Kiingereza, na baadhi ya nakala hizo, zina nyuzi za inchi, za ule utaratibu aliouleta Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Stadi za injini za siku hizi kutoka China ni za milimita. Na shetani yuko kwenye kufanana. Stadi ya inchi 5 kwa 16 ina unene wa milimita 7.94, na ya milimita 8 ni 8, macho hayatofautishi. Lakini nyuzi za ile ya inchi zimeachana kwa milimita 1.41, na za ile nyingine kwa milimita 1.25, tena hata pembe zake ni tofauti, digrii 55 kwa 60. Ukiitia moja kwenye tundu la nyingine, itaingia mizunguko miwili, kisha itakuwa nzito. Kijana asiyejua anatia bomba kwenye spana ili apate nguvu, na tundu linaharibika milele. Dawa ni rahisi: weka stadi ya zamani na mpya bega kwa bega, nyuzi ndani ya nyuzi, uzitazame dhidi ya mwanga. Zikilaliana bila mwanga kupenya, ni ndugu. Zikikataa, rudisha dukani.

Tukiwa dukani, tazama pia ubora. Bolti na stadi nzuri huwa na namba, kama 8.8 au 10.9. Ile 8 ya kwanza ina maana ya nguvu ya nyutoni 800 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika, na 8 ya pili ina maana kwamba inaanza kuvutika moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Ile fito ndefu ya nyuzi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida ina karibu nusu ya nguvu hiyo. Inafaa kwa kenchi ya nyumba. Kuikata ukaifanya stadi ya injini ni kujiwekea miadi na hasara.

Sasa kurudisha. Safisha tundu mpaka lipige mwangwi, na hasa hakikisha hakuna oili wala maji chini ya tundu lisilotokea upande wa pili. Oili haibanwi, ukikaza stadi juu yake, inapasua alumini kama kabari. Stadi ya ekzosi ipakwe kidogo grisi ya shaba au ya grafiti, ili mwaka kesho itoke bila matanga. Stadi yenyewe iingie kwa mkono mpaka mwisho. Kinachokazwa ni nati. Hedi yenye nati nne ikazwe kwa kupishana, ya pembe hii kisha ya pembe inayoikabili, kwa awamu mbili au tatu.

Na kipimo cha kukaza? Fuata kitabu cha injini yako kama unacho. Spana ya kupimia ni ghali, lakini sokoni kwetu upo mzani wa kuning'iniza, wenye ndoano. Chukua spana, pima sentimita 20 kutoka katikati ya nati mpaka unapofunga kamba ya mzani, na uvute kwa mraba, si kwa mshazari. Mzani ukisoma kilo 5, umekaza kwa takriban nyutonimita 10, ambayo ndiyo inayotajwa sana kwa nati ya kawaida ya milimita 6. Ukisoma kilo 10, ni takriban nyutonimita 20, ya jirani na nati ya milimita 8. Washa injini ipate moto, iache ipoe kabisa, kisha hakikisha tena. Utashangaa jinsi kilo tano zilivyo chache kuliko ulizozoea kutia.

Ndugu wasikilizaji, kujua kazi ni pamoja na kujua pa kuishia. Stadi zilizozama kwenye kifuko cha injini, zile ndefu zinazoshika silinda na hedi pamoja, au tundu ambalo mwingine amekwisha kulitoboa kando, si kazi ya chini ya mwembe. Peleka kwenye mashine ya kukereza. Mkoa wetu haujawahi kukosa mikono: Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, imekuwa na karakana kwa vizazi vingi, na VETA nayo imezalisha vijana wengi. Kumlipa mtu kwa anachokijua si aibu.

Lakini ninalo ombi kwa vijiwe vya bodaboda. Mnachangiana misiba na harusi, na ni jambo la heri. Changianeni pia panchi moja, biti nne, tepu ya milimita 6 na ya 8, miwani ya kazi na mzani mmoja wa ndoano. Viwekwe kwa mtu mmoja mtulivu, si kwa mwenye nguvu kuliko wote. Na stadi ya mwenzenu itakapokatika, mkae mtazame kwanza, mtie mafuta, mkalale. Usiku mmoja wa kungoja ni hasara ya siku moja. Hedi iliyotobolewa pembeni ni hasara ya mwezi.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.